Eksi Tatu

Cheti cha Sidi nilikwenda kukichukua peke yangu,
mvua ya Mei ikinisukuma hadi dirishani.
Karani akauliza jina la baba. Nikanyamaza.
Hakuinua uso. Akagonga mashine mara tatu:
eksi, eksi, eksi,
akanipa na stakabadhi.

Hasira zilinijaa siku ile. Nikazikunja pamoja na cheti,
nikazitia katika bahasha ya kaki chini ya godoro,
nikazilalia miaka saba.

Sidi ndiye aliyeifungua,
penseli sikioni kama fundi.
«Mama, hapa ulikosa nini?
Mwalimu amekutia makosa matatu.»

Nilikusimulia haya kwa simu, Ngumbao,
nawe uko karakana ya Jomvu, nyundo zinapiga nyuma yako.
Ulikaa kimya hata nikadhani salio limekatika.
Kisha: «Alhamisi naweza kuomba ruhusa.»

Wakesho akaja mbio, wakili yuko kwenye ncha ya ulimi:
Mshitaki! Mkamue! Miaka saba si siku saba.
Na mamako, nasikia, alitaka damu ipimwe,
ati hajakiona kwa mtoto kile kidole cha mguu cha ukoo.
Tungeweza. Maneno ya kujaza majalada tulikuwa nayo:
lile jiko la gesi ulilolibeba usiku,
lile deni la nyumba uliloniachia Mikindani,
na mambo niliyokwambia mbele ya majirani
ambayo hata leo nikiyakumbuka nafunga macho.
Sijasamehe yote. Wala wewe, najua.
Lakini hayo ni yetu. Sidi hamo.

Ndoa hatukuwa nayo ya kuvunja.
Mahari haikutoka, pete haikuingia.
Watu kama sisi hutengana vipi?
Hugonga mlango wa nani, na nani hukaa katikati?
Alhamisi, Tononoka, katikati yetu palikuwa na stepla
na afisa wa watoto mwenye mafua.

«Mnagombana?» akauliza.
Ukasema: «Tulishamaliza.»
Nikacheka, sikukusudia.

Akatusomea: baba atamwona mtoto
kwa nyakati zinazofaa.
Ukainua mkono, kama uko darasani:
«Nyakati zinazofaa ni saa ngapi?»
Basi tukafuta, tukaandika Jumamosi,
saa tatu, akiwa amekwisha kunywa chai.
Karo nusu kwa nusu. Daktari, atakayekuwa karibu.
Viatu ni juu yako, nikasema,
maana miguu hiyo hakuitoa kwetu:
kila muhula vidole vinatoboa ngozi.
Ukaangalia chini, kwenye viatu vyako mwenyewe.
Afisa akapenga kamasi, akaandika: viatu, baba.
Mamako umpelekee nakala.

Ulitia sahihi polepole,
ulimi nje kidogo, kama unachomea mshono
utakaobeba uzito wa watu.
Mkononi una kovu jipya. Sikuuliza.
Zamani ningeuliza, kisha ningelipaka mafuta,
kisha tungegombana kuhusu mafuta.

Nakala tatu, shilingi kumi kumi.
Ulitoa sarafu, nikakuacha ulipe.
Cheti chenye jina lako kitakuja baada ya majuma,
karani amesema, au miezi, mtandao ukilala.
Tukaagana pale nje kwa mikono,
kama watu waliouziana baiskeli,
wewe ukashika njia ya Mwembe Tayari, mimi ya Kongowea,
na sikugeuka, ila mara moja.

Usiku Sidi aliikagua karatasi, mstari kwa mstari,
kidole kikifuata, midomo ikisoma bila sauti.
Alipofika kwenye chai akasimama.
«Na kama nimechelewa kuamka?»
Hilo hatukuliandika.

Halafu, Ngumbao,
kalamu yangu umekwenda nayo.
Ile ya buluu, yenye kifuniko kilichotafunwa.
Jumamosi uje nayo.